Punda Hana Nundu

Sechelela anakaa Mpwapwa. Baba yake ni mhunzi. Anatengeneza vyuma vya mikokoteni.

Kong! Kong! Ti! inalia nyundo.

Mkokoteni wao unavutwa na punda. Punda huyo anaitwa Vumbi.

Leo Baba amemfunga Vumbi nira mpya. Nira ni mti wa kukaa shingoni, na chini yake kuna chuma kilichopinda. Baba amekipinda mwenyewe, na anakisifu kweli kweli.

"Haya, Vumbi, twende!"

Vumbi anapiga hatua. Chuma kinateleza. Kwaru! Kinamkwaruza shingo.

Vumbi anasimama. Haendi tena.

"Punda mvivu huyu!" anasema Baba. "Jumamosi nampeleka mnadani. Namuuza!"

Sechelela anaona kidonda. Ni kibichi, ni chekundu.

Sechelela anakasirika. Anakasirika mpaka magotini.

"Si mvivu! Anaumia!"

Mama anachungulia kutoka jikoni. "We Sechelela, jina lako maana yake furahi. Mbona umenuna?"

"Leo sifurahi! Sifurahi hata kidogo!"

Hasira inapanda mpaka tumboni. Hata mimi ningekasirika. Wewe je?

"Mwanangu," anasema Baba, "nira hii haina shida. Babu yako alitengeneza hivi hivi. Ng'ombe wote wa hapa wanavaa hizi."

"Ng'ombe?"

Sechelela anamtazama ng'ombe wa jirani. Ng'ombe ana nundu kubwa mgongoni. Nira inaegemea nundu, haitelezi.

Anamtazama Vumbi. Shingo tupu. Mgongo tupu.

Sasa hasira imefika masikioni.

"BABA! PUNDA HANA NUNDU!"

Baba anacheka. Ha ha ha!

"PUNDA HANA NUNDU!"

Baba anaacha kucheka. Anapapasa shingo ya Vumbi. Anapapasa huku, anapapasa kule. Anatafuta nundu. Hakuna.

"Lo!" anasema Baba. "Nimemvika punda vyuma vya ng'ombe!"

Anaifungua nira na kuiweka chini.

"Sasa atavutia wapi?"

Sechelela anaokota mkaa. Anachora chini, kwa nguvu, mpaka mkaa unavunjika.

"Kifuani! Hapa mkanda mpana. Hapa pete ya chuma. Na huku pete nyingine."

Baba anatazama mchoro. Anakuna kichwa. Kisha anawasha moto.

Fuu, fuu, unapuliza mvukuto.
Kong! Kong! Ti! inalia nyundo.

Pete ya kwanza inapoa. Sechelela anapitisha kidole.

"Bado inakwaruza!"

Baba anaisugua kwa tupa. Shee, shee, shee.

"Sasa je?"

"Bado!"

Shee, shee, shee, shee. Jasho linamtoka Baba.

"Na sasa?"

Sechelela anapitisha kidole tena. Pete ni laini kama kijiko.

"Haya," anasema. Lakini bado amenuna.

Pete ya pili nayo inasuguliwa mpaka inakuwa laini. Vumbi anavikwa mkanda kifuani, na mkokoteni unafungwa kwenye pete zake. Anapiga hatua. Chuma hakitelezi. Anapiga hatua nyingine, na mkokoteni unamfuata mpaka kisimani.

"Humuuzi?" anauliza Sechelela.

"Simuuzi."

Jua limezama. Mama anamfunika Sechelela shuka. Sechelela ametoa macho, midomo ameibana.

"Nini tena, mama?" anauliza Mama.

"Baba alimwita Vumbi mvivu. Hajamwomba samahani."

Baba anasikia. "Mimi? Nimwombe samahani punda?"

"Ndiyo!"

Baba anavaa kandambili. Anatoka nje. Anaangalia kama majirani wanamwona. Anakohoa kidogo.

"Vumbi," ananong'ona, "samahani. Wewe si mvivu. Mimi ndiye niliyekosea."

Vumbi anampulizia pumzi usoni. Prrrrr!

Kule ndani, Sechelela amesikia kila neno. Anageukia ukutani, analala.