Waliotoka Kabla ya Matangazo

Wazazi wenzangu, kaeni kidogo. Najua kukaa kidogo ndiyo shida yenu kubwa, na ndiyo hasa ninayotaka kuisimulia.

Ilikuwa Jumapili tulivu, ya zile ambazo mtu anasahau hata goti linalomuuma. Kanisa letu na shule yetu ya msingi viko ndani ya ua mmoja, vimetengwa na mstari wa maua tu. Watoto wanaojiandaa kwa komunyo ya kwanza walikuwa mabenchi ya mbele, soksi nyeupe wamezivuta mpaka magotini, wanasukumana kwa viwiko wakidhani padri haoni. Kwaya iliimba vizuri, jambo ambalo halitokei kila wiki. Baada ya komunyo padri aliketi. Mimi nikainuka, nikavaa miwani, nikasogelea kipaza sauti.

Hapo hapo viatu vikaanza.

Mimi ni karani wa shule, na kila Jumapili ndiye ninayesoma habari za shule kabla ya baraka ya mwisho. Wananiita Mama Matangazo, na si kwa heshima. Nikisema "Tumsifu Yesu Kristo," wengine wanajibu "Milele na milele, amina," huku mkono uko kwenye kitasa cha mlango.

Wa kwanza kutoka, Jumapili zote, alikuwa muuza nondo mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Pikapu yake aliiegesha pua ikiangalia barabara, kama mtu aliyekuja kuiba. Nyuma yake alifuata mkewe, fundi cherehani hodari anayeshona magauni na hata makava ya viti vya magari. Alikuwa amemshika mkono binti yao wa pekee, wa darasa la tatu, ambaye walimu walimpa jina la Kimya kwa sababu hata akikanyagwa hamtaji aliyemkanyaga. Shuleni kwetu mzazi hana jina lake, kwa hiyo hao walikuwa Baba Kimya na Mama Kimya.

Msije mkadhani hawakumpenda. Walimpenda sana. Mtoto ana pumu, na mama yake alikuwa anaamka usiku kusikiliza anavyopumua. Ila duka lilikuwa na mshindani upande wa pili wa barabara, na mshindani huyo alifungua mapema. Baba Kimya alijitoa hata kwenye kundi la wazazi la simu, ambalo ni yeye pekee wa nyumba ile aliyekuwemo. Alisema simu yake ni ya wateja, si ya michango ya maua.

Siku moja nilimdaka pale mlangoni.

"Baba Kimya, unaondoka na matangazo bado."

"Si utanipa kwa ufupi, mama?"

"Ufupi wake ni kukaa."

Akacheka. Ana kicheko kizuri, huwezi kumkasirikia. "Mwenye shida na mimi atanitafuta," akasema, na pikapu ikaondoka.

Sasa sikilizeni na hili, kwa sababu ndilo lililotuponza. Kila asubuhi Baba Kimya alimshusha mtoto getini kabla hata mlinzi hajamaliza kufagia, ili awahi dukani. Mtoto aliingia peke yake kwenye ua mtupu. Ile saa nzima kabla wenzake hawajafika alikuwa wapi? Mama yake alidhani kuna mwalimu wa zamu anayempokea. Mlinzi alimwona akielekea madarasani akadhani ameingia darasani. Kila mtu alidhani mwenzake anajua.

Jioni Mama Kimya alipokung'uta sweta la mtoto, vilidondoka vipande vidogo vya sponji ya njano.

"Unalalia nini wewe? Kila siku nafua mimi."

"Sijui, mama."

Naye, pini ziko mdomoni na gauni la mtu linamsubiri, alirudi kwenye cherehani yake.

Jumapili ile tulivu nilikuwa na matangazo matatu. La kwanza, siku ya michezo inakaribia, kutakuwa na mbio za wazazi, na wazazi wanaombwa wasivae ndala kama mwaka uliopita. La pili nilikuwa nimelisoma wiki kadhaa bila mtu kuinua mkono: magodoro ya mazoezi, yaliyo kwenye stoo nyuma ya jukwaa la ukumbi, yamechanika na sponji inatoka, tunaomba fundi yeyote mwenye sindano nene atusaidie. La tatu niliandikiwa asubuhi ile ile. Watu wa kupulizia dawa ya wadudu walikuwa waje likizo, wakabadilisha siku. "Kesho Jumatatu hakuna shule. Madarasa na ukumbi vitapuliziwa dawa kali. Mtoto yeyote asifike kwenye ua wa shule, hasa wenye matatizo ya kifua."

Nililisoma hilo mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia pikapu ikiwashwa nje. Mara ya pili ilikuwa imeshaondoka.

Habari hiyo tuliituma pia kwenye kundi la simu, na karatasi tukaibandika getini. Lakini asubuhi wapuliziaji walilifungua geti lote ili lori lao liingie, na upande wenye karatasi ukageukia ukutani. Baba Kimya alifika wakati wake wa kawaida. Lori lilikuwa nyuma ya madarasa, watu wake wanakagua ndani, na mlinzi alikuwa amepewa ruhusa, kwa hiyo ua ulionekana mtupu. Wewe na mimi tungeshtuka, ila yeye hakushtuka, kwa sababu kila siku aliukuta mtupu.

"Uwe mtoto mzuri," akamwambia binti yake. "Usisumbue watu."

Akaondoka.

Asubuhi ikasogea. Mama Kimya alikuwa kwenye banda lake la ushonaji, ameinamia gauni jeupe la komunyo, mteja mmoja alipoingia na binti yake ili lijaribiwe. Binti huyo alisoma darasa moja na Kimya. Alipanda juu ya kigoda, akanyoosha mikono, na Mama Kimya akaanza kubana upindo kwa pini. Akafika nusu ya duara, akasimama.

"Huyu anaumwa?"

"Haumwi," mteja akasema. "Si hakuna shule leo."

"Nani kasema?"

"Ilitangazwa jana kanisani. Wanapiga dawa. Kwani dada, si ulikuwepo? Tulikaa benchi moja."

Alikuwepo. Ndiyo, alikuwepo mpaka komunyo.

Alimpigia mumewe. Simu inatumika. Akapiga tena, inatumika. Wateja wa Jumatatu walikuwa wanauliza bei ya saruji. Hakupiga mara ya tatu. Alitoka mbio na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akamwacha mtoto wa watu juu ya kigoda na gauni limebanwa nusu.

Mimi nilikuwa ofisi ya parokia, upande wa pili wa maua. Nilimwona akiingia getini akiyumba, mkono kifuani, na moyo wangu ukaniambia jambo kabla yeye hajafungua mdomo. Harufu ya dawa ilikuwa inafika mpaka pale nilipo, inawasha macho. Nikatoka na kitambaa puani.

Msimamizi wa wapuliziaji aliishusha barakoa yake.

"Mama, rudi nyuma, hapa si salama."

"Mwanangu yuko humo. Baba yake alimleta asubuhi."

"Hakuna mtoto. Tulikagua madarasa yote kabla ya kuanza, na chini ya madawati tuliangalia."

"Yumo," akasema. "Ana pumu. Amevaa sweta la buluu, lina vipande vya sponji mgongoni, sponji ya njano, hata sijui huwa anaitoa wapi."

Wazazi wenzangu, hapo nikaelewa. Sponji ya njano. Nilikuwa nimeitangaza wiki baada ya wiki.

"Ukumbi," nikasema. "Mmeshapuliza ukumbi?"

"Ndio tulioanza nao. Tumeufunga."

"Kuna stoo nyuma ya jukwaa. Mlango uko nyuma ya pazia."

Yule kijana msimamizi alinitazama, na nikaona usoni mwake kwamba hakuna aliyemwambia habari ya mlango huo. Hilo ni kosa la shule, na mwalimu mkuu amelikiri mbele ya watu wote. Kijana alivaa barakoa yake akakimbia. Mama Kimya akamfuata. Mpuliziaji mwingine alimkamata kiunoni pale mlangoni, naye akapigana kama mtu asiyejua anapigana na nani, futi ikakatika, huku anaita jina halisi la mwanawe, ambalo sisi shuleni tulikuwa karibu tumelisahau.

Muda ule siwezi kuupima. Najua nilisali, na sala yenyewe haikuwa na maneno.

Kijana akatoka amembeba. Mtoto alikuwa amelala katikati ya magodoro mawili, na alipoanza kukohoa alijifunika la juu kichwani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kifua kilipanda na kushuka kwa shida, kikitoa mluzi mwembamba. Kwenye ngumi alikuwa ameshika kichupa chake cha kuvuta dawa, na kichupa kilikuwa kimekwisha.

Lori la wapuliziaji ndilo lililotupeleka hospitali. Baba Kimya alitukuta kwenye korido, vumbi la saruji limempanda mpaka kwenye nyusi.

"Nilimwacha shuleni," akamwambia mkewe. "Nilimwacha shuleni, mimi mwenyewe, salama." Akamwambia muuguzi hivyo hivyo. Akaniambia na mimi. Simu yake iliita mfukoni, ikaita, na safari hii hakuipokea.

Daktari alitoka mara mbili, na mara zote mbili alisema, "Tusubiri." Mama Kimya alikuwa anaokota sponji kwenye sweta la buluu, kipande kimoja kimoja, anaviweka kwenye kiganja kana kwamba kuna mtu atakuja kuviulizia. Watu wananijua kwa maneno mengi, lakini pale nilikaa nao tu.

Mungu alitusikia. Jioni mtoto alifungua macho chini ya ile barakoa ya hewa, na siku iliyofuata akaweza kusema kidogo. Mama yake akamwuliza swali ambalo sisi wote tulikuwa nalo.

"Mwanangu, uliwasikia watu ukumbini. Kwa nini hukupiga kelele?"

Kimya alimtazama baba yake kwanza.

"Baba alisema nisisumbue watu."

Baba Kimya aligeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika muda mrefu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mtoto alipona, ila hakupona kabisa. Daktari alisema kifua kitakuwa dhaifu kwa miaka mingi. Siku ya michezo ilipofika alikaa kwenye kiti pembeni ya mstari, na wenzake walipolala kwenye yale magodoro, sponji haikutoka tena. Mama yake alikuwa ameyashona yote, mshono mara mbili, na stoo ile sasa ina kufuli.

Nawaambia na mengine, kwa sababu yananitia hofu mpaka leo. Jumapili ya kwanza baada ya balaa lile, hakutoka mtu hata mmoja. Nilisoma matangazo kanisa likiwa limejaa, kimya, nikapotea mstari kwa kutozoea. Jumapili ya pili walitoka wachache, wakiinama kidogo kwa aibu. Ya tatu viatu vilianza upya, vile vile, hata sijamaliza kumsifu Yesu Kristo. Ndivyo tulivyo. Kilio cha mwenzetu tunakilia siku tatu, kisha tunatafuta funguo za gari.

Halafu nikamwona Baba Kimya akiinuka. Nitasema kweli, nilichukia. Nikasema moyoni, hata wewe?

Alimshika binti yake mkono, akatembea polepole mpaka mlango mkubwa, akageuka, akasimama pale. Hakufunga mlango wala hakunyoosha mkono. Mtoto alisimama mbele yake, kichupa cha dawa kimening'inia shingoni ndani ya kifuko alichoshonewa na mama yake, anapumua kwa ule mluzi wake. Watu waliotangulia wakafika mbele yao, wakasita.

"Mama bado anasoma," Baba Kimya akasema, kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyempita. Mmoja mmoja wakarudi kwenye mabenchi.

MAFUNZO

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema hivyo, na tunasema tukidhani guu litakuwa la huyo huyo asiyesikia. Katika nyumba hii aliyeziba masikio ni mwingine na aliyeumia ni mwingine. Mtoto hawezi kujitoa kwenye kundi la simu, hawezi kuondoka mapema, anaachwa pale tunapomwacha.

Kumpenda mtoto bila kujua yuko wapi saa hii ni mapenzi ya nusu. Uliza nani anampokea. Uliza anakaa wapi mpaka kengele igongwe. Akija na uchafu usioujua kwenye nguo, usiukung'ute tu. Huenda ndiyo njia pekee aliyonayo ya kukueleza. Na tukiwafundisha watoto adabu ya kutosumbua watu, tuwafundishe siku hiyo hiyo kwamba wakikosa pumzi wasumbue dunia nzima.

Sisi wa shule nasi tukague milango yote, hata iliyo nyuma ya pazia.

Jumapili hii nina matangazo manne. Kaeni.