Mwaka Uliofutwa Katika Jina la Faili

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 11 Machi 2024, Mkuu wa Ripoti alitoa kwenye kompyuta taarifa ya mahudhurio, nayo ikajihifadhi kwa jina asiloliagiza: siku, mwezi, na mwaka wake kamili. Ni yeye aliyeupanga mfumo uandike siku na mwezi tu, maana Mkurugenzi alipenda majina mafupi. Akarekebisha mpangilio, akaitoa tena. Mwaka ukarudi, na pamoja nao harufu kali ya sabuni ya sakafu.

"Nani anapiga deki saa hizi?" akauliza.

"Hakuna mtu, bosi," akajibu karani wake, mwanamke asiyeishiwa mzaha. "Tangu yule mama wa usafi afariki, labda sakafu inajipigia deki yenyewe."

Karani alicheka peke yake. Mkuu alikuwa ameloa jasho.

Tarehe isiyo na mwaka ni kama mtu asiye na ukoo: yeyote aweza kumdai kuwa wake. Mwezi Januari, Mkuu alifungua faili la ukaguzi wa lifti, akaona siku na mwezi, akaridhika, akalipeleka juu. Kumbe lilikuwa la mwaka uliotangulia. Ukaguzi mpya haukufanyika kamwe. Wiki ile ile mlango wa lifti ukafunguka pasipo na lifti, na mama wa usafi akatumbukia shimoni. Mkuu aligundua kosa lake kabla hata ya mazishi. Hata hivyo, mbele ya kamati ya uchunguzi alisema marehemu aliulazimisha mlango, na watoto wake wakabaki na aibu ya mama mzembe.

Sasa kila alichokitoa kilizaliwa na mwaka. Alipoufuta mmoja, ndoo ikaburutwa nyuma ya kiti chake. Alipogeuka hakuona ndoo wala mtu, ila nyayo za maji zilizotoka kwenye mlango wa lifti, zikapita meza ya karani, zikapita kabati, zikaja hadi kwenye viatu vyake na kukoma hapo, kana kwamba mwenye nyayo hizo amesimama akimpumulia usoni.

Akamkimbilia shangazi yake, mganga mwenye sifa.

"Mwanangu, ubani huu nauchoma bure," shangazi alinong'ona. "Huyu si jini wa kutumwa. Ana haki yake, na ana hasira. Anataka mwaka ule uutaje mbele za watu."

"Nikiutaja nimekwisha, shangazi."

"Usipoutaja kabla hajaja kuuliza mwenyewe, atachukua unachokipenda kuliko hicho cheo."

Mkuu akaona njia ya mkato: akaurudisha mwaka katika majina ya mafaili yote, kimyakimya, bila kumwambia mtu neno. Harufu ikakatika. Siku hiyo alitembea akipiga mluzi.

Ijumaa mchana binti yake wa pekee akampigia simu.

"Baba, nakuja kukusalimu, nimeshaingia kwenye lifti. Kumbe imetengenezwa?"

Lifti ilikatwa umeme tangu ajali.

"Toka, mwanangu! Toka upesi!"

"Mlango umeshajifunga. Kuna mama alinishikia, mpole kweli. Anasema anakufahamu. Eti, ule ukaguzi ulikuwa wa mwaka gani?"

Karani aliinua uso. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. Mkuu akafumbua kinywa, akamtazama Mkurugenzi, akakifumba.

Kwenye simu binti akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Baba, si umjibu? Amenishika mkono. Ni wa baridi mkono wake. Baba!"

"Wa elfu mbili ishirini na tatu!" akapiga ukelele. "Ulikuwa wa mwaka wa nyuma! Kosa ni langu, naye hakulazimisha mlango wowote!"

Simu ikakatika. Ukuta ukaanza kuvuma. Wote watatu waliisikia lifti ikipanda: ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ya nne, waliyokuwapo wao, ambayo juu yake hakuna kitu ila paa. Mlango haukufunguka. Lifti ikaendelea kupanda.