Msumari wa Mvule

Waa halikutoka. Mama alisugua kisigino cha bintiye kwa sabuni, kwa dodoki, mwisho kwa kucha, na lile duara jeusi, dogo kama kifungo cha shati, likabaki palepale. Mtoto hakulia wala kuvuta mguu; siku ya nne sasa alikuwa halii kwa lolote, na chakula hakigusi. Alikuwa ametega sikio upande wa sebuleni.

"Anagonga tena, mama."

"Nani?"

"Wa chini."

Hasira zikampanda mama, na alijua za kumshukia nani. Mumewe.

Wiki tatu nyuma walikwenda kiwanda cha mbao, yeye, mume na seremala, kuchagua mbao za sakafu. Yeye alitaka mninga, mbao tulivu zisizo na makuu. Seremala naye alisema mninga. Lakini bwana mkubwa, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosea, aliziona mbao za mvule zimeegemezwa nyuma ya mashine, zina michirizi myeusi, akasema ndizo hizo.

"Kaka, hizo ziache," seremala alimwambia kwa sauti ya chini. "Msumeno umevunjika meno humo. Ona."

Katikati ya ubao mmoja ulichomoza msumari mnene, wa kufuliwa kwa mkono, na weusi wote ulianzia kwake.

"Mti hauoti msumari. Kuna kitu kilifungwa humo makusudi. Gogo la hivi haliingii nyumbani mwa watu, sisi tunalirudisha porini."

"Kutu tu hiyo! Mtu mzima unaogopa msumari?"

"Mimi siung'oi."

Basi siku ya kutandika sakafu mume akaung'oa mwenyewe, kwa koleo, jasho likimtoka, akautupa kwenye droo ya kabati la sebuleni na kuziba tundu kwa gundi na unga wa mbao. Vanishi ilipokauka akatoa amri: hakuna kiatu sebuleni, sakafu isichubuke. Mke alikataa, akaendelea na kandambili zake kwa makusudi. Mume alitembea na soksi. Aliyetii ni mtoto peke yake, miguu peku, kutwa nzima.

Sasa mama alimfunga mtoto mgongoni, akampigia seremala simu. Mchana uleule seremala akaja na shangazi yake, mganga, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Jua lilikuwa linawaka dirishani. Sebule ilinuka chuma kilicholowa, na chini ya mbao ngo, ngo, ngo, taratibu, kama mgeni anayejua wenyeji wapo.

Mganga aligusa kisigino cha mtoto. "Huyu wa chini, mguu wake umo ubaoni, mkono wake umo kwa mtoto," alinong'ona. "Ila mtoto hamtaki, amempitia tu. Anamtaka aliyemfungua. Nani aling'oa?"

"Fundi," alijibu upesi mume, aliyekuwa amesimama mlangoni na soksi zake.

Ngo! Vikombe vikaruka kabatini.

"Mungu anakuona, kaka," seremala alisema.

"Mwanao anakwisha, wewe unalinda sifa!" mke alifoka. "Sema!"

"Ni mimi."

"Vua soksi," mganga alisema. "Kanyaga tundu. Mwite."

Akavua, akakanyaga, akaita kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri, na kule dirishani ubao wa kwanza ukalia, kisha wa pili, kisha wa tatu, kitu kikija chini ya vanishi inayong'aa bila kuikwaruza, harufu ya chuma ikizidi mpaka ikawa ladha mdomoni, michirizi myeusi ikijikusanya kutoka kila pembe ya chumba kuelekea pale aliposimama, na kisigino cha mtoto mgongoni mwa mama yake kikitakata polepole, huku weusi ukimpanda mume unyayo, kifundo, muundi, ukasimama chini ya goti.

Kugonga kukakoma. Mtoto akalia kwa mara ya kwanza baada ya siku nne.

Mke alionyesha droo, mganga akautoa msumari. Alichukua nyundo ya seremala, akaitazama, akaviweka vyote viwili chini.

"Msumari unarudi pale alipo. Kwenye mti ningeupiga. Kwenye mguu wa mtu mkono wangu hauendi."

"Usipopigwa?" mke aliuliza.

"Atarudi kwa mtoto. Njia yake ameshaijua."

Mume alijaribu kuinua mguu. Haukuinuka. "Mke wangu," alisema, "hebu tuongee kwanza."

"Tungeongea kule kiwandani, siku ile nikisema mninga."

Alimfungua mtoto mgongoni, akambusu kisigino, akamkabidhi mganga. "Mtoe nje, shangazi. Asisikie."

Kisha akapiga magoti kwenye sakafu nzuri kuliko zote za mtaa ule, akaokota nyundo.

"Fundi," alisema, "mshike mguu."