Kipepeo Aliyemaliza Maneno ya Bupe

Saa mbili na robo asubuhi vipepeo ishirini na wanne walikuwa hewani, kila mmoja juu ya bega la mtoto wake, na darasa la kwanza la Shule ya Kilele lilikuwa linasoma kwa sauti kama kwaya iliyofanya mazoezi mwaka mzima. Hakuna aliyekwama. Hakuna aliyerudia mstari.

Hawakuwa wadudu. Walikuwa mashine nyepesi kuliko karatasi ya daftari, zenye mabawa ya utando yaliyojichaji kwa mwanga wa dirishani. Ndani ya kila kipepeo mlikuwa na akili unde iitwayo kidokezi. Kidokezi kilisoma mtikisiko wa koo la mtoto, kikalitambua neno kabla halijafika mdomoni, na mtoto aliposita hata kidogo, kikalimalizia neno hilo kwa sauti iliyofanana kabisa na ya mtoto mwenyewe. Mgeni aliyeingia darasani asingeweza kujua mtoto ameishia wapi na mashine imeanzia wapi.

Mhandisi Atuganile Mwaijande alijua, kwa kuwa kidokezi alikibuni yeye. Asubuhi hiyo alisimama nyuma ya darasa akiwa na mambo mawili kichwani. La kwanza lilikuwa la kazi: kuwawekea vipepeo wa Kilele programu mpya. La pili lilikuwa la uzazi. Mwezi Januari binti yake, Bupe, angetimiza umri wa kuanza shule, na nafasi yake hapa Kilele, shule binafsi iliyosifiwa kuliko zote jijini Mbeya, ilikuwa imeshawekwa.

Bupe alizaliwa na kigugumizi. Alipokuwa na miaka mitatu, mama yake alimtengenezea kipepeo wa kwanza kabisa, akamtundikia begani. Siku ile mtoto aliomba maji kwa sentensi nzima, na bibi yake akalia machozi ya furaha. Kutokana na kipepeo yule mmoja walizaliwa vipepeo elfu arobaini waliosambaa shule binafsi za nchi nzima.

"Nitawazima kwa dakika saba tu, Mwalimu," Atuganile alimwambia Mwalimu Kibona, mkuu wa shule, ambaye asubuhi hiyo alikuwa anafundisha mwenyewe.

"Zima tu, mhandisi. Sisi tutapiga soga."

Vipepeo wakatua mabegani, wakakunja mabawa. Mwalimu Kibona akamgeukia mtoto mmoja wa mstari wa mbele, mchangamfu, asiye na kasoro yoyote ya usemi.

"Haya, tuambie. Asubuhi ulikula nini?"

"Nilikula ma..." mtoto akasema, akanyamaza. Mdomo ukabaki wazi. Akageuza macho kumtazama kipepeo begani.

"Mandazi? Magimbi?"

Mtoto hakujibu. Alikuwa anangoja. Mwalimu akamuuliza wa pili, naye akaanza neno, akaliacha katikati, akatazama bega. Wa tatu vilevile. Halafu kimya kikatanda darasani. Watoto ishirini na wanne wenye ndimi nzima walikaa wakingoja kumaliziwa maneno yao wenyewe.

Atuganile alisogea mbele, akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa amevijaribu vidokezi mara elfu maabara, ila hakuwahi kukaa na mtoto aliyenyang'anywa kidokezi.

Dakika saba zilipokwisha mabawa yakafunguka. "...gimbi na chai ya maziwa!" ikasema sauti ya mtoto yule wa kwanza, na darasa zima likaanza kuongea kwa mpigo. Mwalimu Kibona akacheka. Kicheko chake hakikuwa na nguvu.

Jioni hiyo Atuganile alimsimulia mumewe, Gwakisa, aliyekuwa fundi wa vigari vya waya vilivyopita juu ya jiji kutoka Uyole hadi Iyunga. Gwakisa alisikiliza huku anamenya viazi.

"Kwa hiyo unataka kusema nini, mama Bupe?"

"Nataka kuiona Shule ya Msingi Ilolelo kabla hatujaamua."

"Ya serikali?" Kisu kikasimama. "Mimi nimesoma shule ya serikali. Tulikuwa tisini darasani. Kulikuwa na mwenzetu mwenye kigugumizi, tulimwita Pikipiki. Hadi leo sijui jina lake halisi. Unataka mtoto wetu aitwe Pikipiki?"

"Sitaki."

"Basi mwache aende Kilele na kipepeo wake. Anaongea vizuri."

"Anaongea nani, baba Bupe? Yeye au kipepeo?"

Gwakisa alikitupa kiazi sufuriani, akachukua kingine. Kisha akasema, "Nenda kaone. Kuona hakuumizi."

Siku ya pili yake alikwenda. Ilolelo ilikuwa na watoto hamsini na wawili katika darasa moja na roboti mmoja tu, mtambo wa zamani wenye magurudumu manne na kifua cha bati. Watoto walimwita Bibi Chuma. Ubavuni alikuwa na kiraka cha sufuria, na kila alipogeuka magurudumu yalilia.

Mwalimu wa darasa aliitwa Subilaga, mwanamke mfupi mwenye sweta la kijivu na sauti iliyozoea kusikika nje ya ukuta. Alimpa mgeni kiti, akaendelea na kazi.

Zamu ya kusoma ilikuwa ya mtoto aliyepata taabu na kila herufi. Alilikodolea macho neno moja. Bibi Chuma akamwinamia, taa za macho zikiwaka taratibu, asiseme kitu. Mtoto akapumua. Akaanza. Akakosea. Akaanza upya. Atuganile alitazama saa: sekunde thelathini na nane. Watoto wengine hawakuwa malaika. Mmoja alikuwa anachora ng'ombe kwenye dawati, wawili walikuwa wanagombania kifutio. Ila hakuna aliyemdaka mwenzao neno mdomoni.

"Ki-li-cho-ni-pe-nde-za," mtoto akasoma. "Kilichonipendeza!"

"Ehee!" Mwalimu Subilaga akapiga kofi moja. "Endelea."

Wakati wa mapumziko Atuganile aliuliza kwa nini roboti yule hakuwa na kidokezi.

"Alikuwa nacho, mama. Alipoletwa hapa alikuwa nacho." Mwalimu Subilaga alimimina uji kwenye vikombe viwili, akampa kimoja. "Kidokezi kinakula chaji. Ukungu wa huku unaujua, sola hazishibi. Ilikuwa kila saa nne Bibi Chuma amelala. Nikakichomoa mwenyewe kwa bisibisi. Nikasema jua likirudi nitakirudisha."

"Jua halikurudi?"

"Lilirudi. Ila watoto walikuwa wameanza kusema. Wale wazito, wale wenye aibu. Nikarekodi. Nina miaka miwili ya sauti zao ndani ya Bibi Chuma, kila mtoto, kila Ijumaa." Akanywa uji, akatikisa kichwa. "Huwa najiuliza, huyo aliyetengeneza kidokezi alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Atuganile akaweka kikombe chini.

"Ni mimi, Mwalimu."

Mwalimu Subilaga alikisukuma kikombe kumrudishia. Hakuomba radhi, wala hakumsuta.

"Basi afadhali umekuja," akasema. "Kunywa uji, unapoa."

Usiku Atuganile alizisikiliza zile sauti, alizonakili kutoka kwa Bibi Chuma, moja baada ya nyingine, kisha akasikiliza zilizohifadhiwa na kipepeo wa Bupe. Mashine ilikuwa imeandika kwa uaminifu kila neno na kila mmaliziaji wake. Katika mwaka wa kwanza Bupe alimaliza mwenyewe nusu ya maneno yake. Mwaka wa pili, robo. Mwaka huu, karibu hakuna. Kigugumizi alizaliwa nacho, hilo halikuwa kosa la mtu. Ila kujaribu alikuwa anajaribu, na mama yake, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, alimjengea mashine ya kumkatiza.

Asubuhi wazazi wote wawili walikaa na Bupe na kumweleza. Kisha Atuganile akamzima kipepeo.

Mtoto alilia mpaka akachoka. Baada ya hapo alinyamaza siku tatu. Aliomba chakula kwa kidole. Siku ya tatu Gwakisa alisimama mlangoni na koti lake la kazi, macho mekundu.

"Mrudishie, Atu. Sijawahi kukuita mkatili, usinifanye nianze leo."

"Nipe muhula mmoja Ilolelo. Akiumia, nitamrudishia mwenyewe na sitasema neno."

Gwakisa alimtazama binti yake aliyekaa kitako akipanga vifuniko vya chupa. Alichukua muda mrefu kukubali.

Januari ilipofika Bupe alianza Ilolelo, na wiki ya kwanza alichekwa. Hilo Gwakisa alilitabiri, na likawa. Siku ya pili alirudi nyumbani na kola iliyochanika: alikuwa amempiga ngumi mtoto mmoja aliyemwigiza kama redio inayokwaruza. Gwakisa alikwenda shuleni amefura, tayari kumchukua mtoto wake. Alimkuta Mwalimu Subilaga amewasimamisha wote wawili mbele ya darasa.

"Hapa kwetu," mwalimu alikuwa anasema, "anayesema ana zamu mpaka anyamaze mwenyewe. Aliyemkatiza mwenzake atampa zamu zake za leo. Na aliyepiga ngumi atasema kwa mdomo alichotaka kusema kwa ngumi. Bupe, tunakusikiliza."

Gwakisa akasimama nje ya dirisha, mkono umeshika nondo zake. Bupe alifumba macho. Bibi Chuma akamgeukia, magurudumu yakalia. Watoto hamsini na mmoja wakangoja, wengine kwa hamu, wengine kwa uchovu.

"M-m-m..." Akasimama. Akaanza tena. "M-m-mimi s-si... mimi si r-r-redio!"

Darasa likaangua kicheko, na safari hii kicheko kilikuwa cha kumshangilia. Hata yule mwigizaji alicheka. Bupe alifungua macho, akaona amewachekesha watu hamsini kwa neno lake mwenyewe, akacheka naye. Gwakisa aliondoka bila kubisha hodi. Alimpigia mkewe simu kutoka barabarani, akamsimulia neno kwa neno.

Atuganile naye alikuwa na vita vyake. Alipeleka kwa wakuu wa kampuni zile sauti za miaka miwili, akaomba kidokezi kitolewe kwenye vipepeo wote na mahali pake pawekwe kingojezi: akili unde ambayo kazi yake ni kumsikiliza mtoto hadi mwisho, kisha ndipo imsaidie kama ameomba. Wakuu walikunja nyuso. Wazazi wanachagua shule binafsi kwa sababu ya wepesi, walisema. Nani atampeleka mtoto kwenye shule ya kungoja? Wakaita kikao cha mwisho, wakamwalika Mwalimu Kibona wa Kilele atoe neno kwa niaba ya shule. Atuganile alipomwona anaingia, alijua ameshindwa.

Mwalimu Kibona alivua kofia.

"Tangu siku ile ya dakika saba," akasema, "nimekuwa nikiwazima vipepeo wangu kila Jumatano, saa nzima. Sikumwambia mtu. Jumatano ya kwanza watoto walikaa kimya kama mawe. Ya pili, wawili walisema. Jumatano iliyopita ilinibidi nigonge meza ili nao waninyamazie kidogo niongee." Akamgeukia Atuganile. "Mhandisi, Kilele tunakitaka hicho kingojezi. Na huyo mwalimu wa Ilolelo naye nitamwomba aje atufundishe. Mimi nina vipepeo ishirini na wanne, yeye ana bati moja, na ameniacha mbali."

Kikao hakikuchukua muda baada ya hapo. Kabla muhula haujakwisha vipepeo elfu arobaini walikuwa wamebadilishwa. Mwalimu Subilaga alianza kwenda Kilele kila Jumanne, na kila Alhamisi watoto wa Kilele walipanda vigari vya waya kuja Ilolelo. Wizara ikaagiza sola mpya kwa shule za serikali za maeneo ya ukungu. Zilipofika, Bibi Chuma alifanya kazi hadi jioni kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Siku ya kufunga shule Atuganile na Gwakisa walikwenda pamoja kumchukua mtoto. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Bupe alitoka mbio, mkoba ukimpiga kiunoni, na kabla hawajamsalimu akaanza kusimulia. Kulikuwa na ugomvi. Uji ulimwagika. Mtu fulani alisema ni p-paka, na paka mwenyewe shuleni hayupo, na Mwalimu akasema huyo p-p-paka aletwe atoe ushahidi.

Lilikuwa jambo dogo kabisa, na lilichukua muda. Kila neno lilikuja kwa njia yake, mengine mbio, mengine kwa kupandishwa kilima. Kigari cha waya cha kuwarudisha nyumbani kikaja, kikaondoka. Cha pili kikaja, kikaondoka. Atuganile alisimama sweta lake linalowa, akawaza ni visa vingapi vya namna hii vilivyoishia kooni mwa mtoto huyu kwa miaka mitatu, visa ambavyo hatavisikia kamwe na hakuna mtambo wa kuvirudisha. Hata hivyo hakuyaondoa macho kwenye ule mdomo mdogo wenye pengo la jino la mbele.

Gwakisa alikuwa amechuchumaa kwenye tope, uso kwa uso na binti yake, mvua ikimchuruzika puani.

"Halafu?" akauliza.

Bupe akavuta pumzi, akaendelea.