Mdundo wa Tandu

Magharibi ilikuwa inakaribia pale Kano, nami nilikuwa na kazi ndogo tu: kuitoa ngoma moja kuukuu kwenye makumbusho yetu ya dambe, ndondi za Kihausa, nimpelekee Malam Sabiu aibadilishe ngozi kabla hajafunga duka.

Gambo, mlinzi, alinifungulia. Mchana ni mchinjaji, na zamani alikuwa bondia. Bega lake la kulia limeshuka kama mlango uliong'oka bawaba.

"Tumbo limefika mapema, Inusa. Wewe mwenyewe uko wapi?"

"Limekuja kunusa nyama yako ya juzi."

Tukaingia. Umeme ulikuwa umekatika. Kwenye kabati la kioo ilikaa ngumi ya Tandu, bingwa wetu marehemu: kitambaa na kamba alivyofungwa mkononi katika pambano lake la mwisho, bado vina umbo la ngumi. Chini yake, mnyororo aliouzungusha mguuni kila alipopigana. Tandu alikufa hajawahi kugusisha goti ardhini.

Nikaibana ngoma kwapani, nikaijaribu.

Ningeweza kupiga ya harusi. Lakini mikono yangu, mijinga kama mwenyewe, ikaenda kwenye mdundo wa Tandu. Kila bondia ana mdundo wake, unaomwita yeye peke yake uwanjani. Wa marehemu haupigwi. Hata kwa utani.

"Inusa," Gambo akasema taratibu. "Umepiga nini?"

Krrr...

Mnyororo.

Ikaja harufu ya damu mbichi na moshi. Kioo cha kabati kikaanza kutoka jasho... kwa ndani. Miguu yangu, hodari wa kumkimbia mke wangu Talatu, ikagoma.

"Umemwita," Gambo akanong'ona. "Asipopata wa kupigana naye, atamchukua mpiga ngoma."

"Mimi mchekeshaji tu, Gambo."

"Basi mchekeshe."

Krrr... krrr...



Gambo akavua kilemba, akaanza kukizungusha kwenye ngumi ya kulia.

"Piga mdundo wangu."

"Na hilo bega?"

"Piga, ndugu yangu."

Nikapiga huku machozi yananitoka. Gambo akasogea gizani, mguu wa kushoto ukitangulia kama zamani.

Pigo moja. Kama shoka kwenye mfupa.

Mnyororo ukanyamaza.

Adhana ikasikika nje. Nilipomfikia, goti lake lilikuwa chini. Goti likigusa ardhi, raundi imekwisha. Kabati lilikuwa limefungwa vilevile, kufuli mahali pake. Ila ile ngumi ya kamba ilikuwa na damu mpya.

Tangu siku hiyo mkono wa kulia wa Gambo haujakunjuka. Nyama anakata kwa kushoto. Daktari anasema ni mishipa. Gambo anaitikia, anashukuru, anaondoka.

Jana jioni tulikaa nje ya lango la makumbusho tukila tuwo, ugali wa kwetu. Nilikuwa nimetoka kwa Malam Sabiu. Ngoma yetu bado iko dukani kwake, sakafuni, ngozi imevuliwa, nimepitisha mkono mzima toka juu hadi chini.

Ndani ya makumbusho, ngoma ikalia.

Mdundo wa Gambo.

Gambo akaacha kula.

"Sabiu ameirudisha?" akaniuliza.

"Bado."

Akalisukuma bakuli upande wangu.

"Dambe ni raundi tatu, Inusa."

Kisha, kwa mkono wa kushoto, akaanza kufungua kilemba.