Kikombe cha Mamake Kemunto

Haya yalimpata Kemunto, muuguzi mwenzangu huku ughaibuni, mjini Roseville. Mamake alizikwa Kisii yeye akitazama kwenye simu, maana makaratasi ya kusafiria hayakuwa tayari.

Novemba hiyo darasa lake la kupiga picha lilikwenda mji jirani wa Saint Paul, kwenye sikukuu ya Wameksiko ya kuwakumbuka wafu, ambapo kila mtu huwasha mshumaa na kumwekea marehemu wake picha na kitu alichokipenda. Kemunto naye akaweka mezani picha ya mamake, mtu ambaye alipomaliza chai hakuinuka kabla ya kufudikiza kikombe, na chai ya maziwa aliyotoka nayo nyumbani, akaimimina katika kikombe cha marehemu juu ya kisosi chake.

"Nisamehe, Mama," alinong'ona. "Imepoa."

Taa zikazimwa ili wapige picha za mishumaa. Ule wa Kemunto ukazimika. Gizani akasikia chai ikinywewa, funda baada ya funda, bila haraka.

Taa zilipowashwa, kikombe kilikuwa kimefudikizwa juu ya kisosi. Alikishika. Kilikuwa cha moto.