Nyumba ya Nimeshiba

Kila jioni, akitoka shuleni, Waziri alikuwa akivua sare yake, akiitundika msumarini, kisha akiketi kizingitini na ungo wa maharage mapajani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Uwaziri huo haukupigiwa kura na mtu. Alipewa na mama yake siku alipokabidhiwa debe la chakula.

"Kuanzia leo wewe ni Waziri wa Chakula," Mama alimwambia. "Mimi natoka alfajiri, narudi jua limezama. Bibi yako macho hayamsaidii tena. Pika wewe, gawa wewe, ila kitufikishe siku ya mshahara."

Jina likaganda. Hata muuza mkaa wa mtaani, mtu asiyecheka na yeyote, alimwita Mheshimiwa.

Waziri alichagua maharage punje kwa punje. Kokoto alizitupa nje. Zamani na punje zilizotobolewa na wadudu alizitupa pia, lakini siku hizi zilipata msamaha, zikarudi sufuriani pamoja na wenzao.

"Mheshimiwa," Bibi aliuliza kutoka kitandani, "na mdudu mwenyewe umemwacha humo?"

"Ametoka, Bibi. Kaona nyumba hii haikaliki."

Bibi alicheka hadi akakohoa. Chumba kilikuwa kimoja tu, kimegawanywa kwa pazia: upande huu kitanda cha Bibi, upande ule kitanda cha Mama na watoto wake wawili. Jiko la mkaa lilikaa mlangoni. Baba alifariki wakati mdogo wake Waziri alikuwa bado anatambaa, na tangu hapo mzigo wote ulikuwa wa Mama.

Mama alikuwa mshonaji wa magunia katika ghala la nafaka. Kutwa nzima alifunga midomo ya magunia ya mchele na maharage kwa sindano ndefu na kamba ya katani. Vumbi la chakula lilimjaa nyweleni, lakini hakuruhusiwa kuondoka na hata punje moja. Mwezi huo msimamizi wa ghala aliwatangazia wafanyakazi kwamba mshahara ungechelewa kidogo. Hakuna aliyethubutu kumuuliza hiyo kidogo ina urefu gani.

Viazi viliisha kwanza, kisha mafuta. Uji wa asubuhi ukawa mwepesi hadi unaona maua yaliyochorwa chini ya kikombe. Waziri akaanza kulisikia kopo la kupimia likikwaruza kitako cha debe, na sauti hiyo aliichukia kuliko kengele ya mtihani. Kila alipoisikia aliwaza jambo moja: je, chakula hiki kitatufikisha?

Neno lenyewe lilianza na Mama. Walikuwa wameketi mkekani, kila mmoja na sahani yake. Mama alikula vijiko viwili vya maharage, akaisukuma sahani kando.

"Mbona hujamaliza, Mama?"

"Nimeshiba, mwanangu. Leo walitupikia kazini."

Kazini hawakupikiwa kitu. Mchana Mama alikuwa amekunywa maji ya bomba, akajifunga kanga kwa nguvu kiunoni na kurudi kwenye magunia yake. Lakini alilisema neno hilo kwa macho makavu, na watoto wakaamini.

Bibi hakukubali kushindwa. "Mimi pia nimeshiba," akasema. "Mtu mwenye meno matatu hushiba mapema."

Waziri akatazama sahani za wakubwa, akatazama debe kule pembeni. "Na mimi nimeshiba. Nilionja sana nilipokuwa napika." Alikuwa ameonja tone moja la mchuzi kiganjani kujua kama chumvi imekolea.

Aliyebaki ni mdogo wake, mvulana wa miaka sita aliyeitwa Kijiko kwa sababu tangu alipoanza kutembea hakuachana na kijiko chake cha bati. Kijiko alikula, akalamba sahani, akauliza swali lake la kila siku. "Kuna kingine?"

Mama alitazama chini. Waziri akamshika mdogo wake mkono na kumtoa nje.

"Ukiulizwa kama umeshiba, sema nimeshiba. Hata kama hujashiba."

"Kwa nini, Dada?"

"Kwa sababu Mama atalia."

Kijiko alifikiri sana. "Basi nimeshiba," akasema, na wakarudi ndani.

Ndivyo nyumba nzima ilivyoshiba. Hujapata kuona watu walioshiba namna ile, mashavu yameingia ndani na matumbo yananguruma usingizini. Kila jioni kila mmoja alibakiza kidogo kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake naye akakataa kukigusa. Waziri alikusanya mabaki yote kwenye bakuli la bluu, akalifunika, na kesho yake akayarudisha sufuriani. Alijiona anajua sana kubana matumizi. Kumbe wote walikuwa wanakonda mbele ya chakula.

Mama alipoliona bakuli lile, moyo wake ulitulia. Aliamini kwamba watoto wake wanakula hadi wanabakiza.

Siku moja msimamizi aliwaita washonaji wote. "Kuna chenga za mchele zimebaki," aliwaambia. "Si nyingi. Na naweza kuwapa wachache sehemu ya mshahara kabla ya wengine. Mwenye njaa nyumbani aseme."

Mama alikumbuka bakuli la bluu. "Wape wenzangu," akasema. "Kwangu watoto wanashiba."

Jioni aliwasimulia habari hiyo huku akijinyoosha mgongo. "Mwenzangu mmoja ana watoto watano, jamani! Ningewezaje kuchukua, na sisi chakula kinabaki?"

Waziri angeweza kusema hapo hapo. Neno lilimfika kooni kabisa, lakini alimwona Mama anatabasamu, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa siku nyingi, na hakutaka kumharibia. Akachukua sahani, akaenda kuziosha.

Asubuhi iliyofuata Bibi alichukua bakuli la mabaki na kulificha chini ya kitanda chake. Alikuwa na mpango wake. Kijiko aliporudi mchana, Bibi alimwita kwa kunong'ona.

"Njoo, mume wangu. Nimekuwekea maharage. Kula kabla dada yako hajaja."

Kijiko alilitazama bakuli, mate yakamjaa kinywani. Halafu akakumbuka agizo la dada yake. "Nimeshiba, Bibi," akasema, akakimbilia nje ili asilione tena.

Bibi alishangaa. Akadhani labda shuleni wamepewa uji. Akalirudisha bakuli chini ya kitanda, akisema moyoni kwamba mtoto atakula kesho. Waziri aliporudi na kuuliza mabaki yako wapi, Bibi alijibu bila kupepesa macho, "Nimeyala mimi, mjukuu wangu. Nimeshiba sana." Waziri alifurahi kwamba hatimaye Bibi amekula. Hakuuliza zaidi.

Bakuli lilikaa pale usiku kucha na asubuhi yote ya siku ya pili, chini ya paa la bati lililokuwa linachoma kama jiko. Maharage yalianza kutoa povu. Mchana, Bibi akiwa amelala, Kijiko aliingia chumbani polepole, akatambaa hadi chini ya kitanda. Harufu kali ilimpiga puani, lakini tumbo lake halikuwa na muda wa kusikiliza pua. Alikula yote. Kisha alilifunika bakuli na kulirudisha mahali pake vilevile, kwa kuwa alishasema ameshiba na aliogopa kuitwa mwongo.

Waziri aliporudi kutoka shuleni alimkuta mdogo wake amechuchumaa nyuma ya nyumba, anatapika. Alitapika tena, na tena, hadi yakawa yanatoka maji tu. Tumbo likaanza kumwendesha. Mama alipofika, Kijiko hakuweza kusimama. Kijiko chake cha bati kilikuwa kimeanguka mavumbini na hakukitafuta.

Mama hakuweka hata mkoba chini. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka mbio hadi zahanati ya mtaa wa pili. Waziri alimfuata akiwa amemshika Bibi mkono, na Bibi alitembea siku hiyo kuliko alivyotembea mwaka mzima.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito. Alimlaza Kijiko kwenye kitanda kirefu, akamfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imekunjamana, haikurudi.

"Amekula nini?"

"Chakula cha kawaida, dada," Mama alisema huku akihema. "Watoto wangu wanakula hadi wanabakiza. Mwulize huyu, ndiye mpishi. Mwambie muuguzi, mwanangu."

Waziri alitazama sakafu. "Amekula maharage," akasema. "Ya jana jioni. Alishiba."

Muuguzi alimtazama Waziri, akamtazama Mama, akazitazama kola za nguo zao zilivyokuwa pana shingoni. "Sikilizeni," akasema. "Nimefanya kazi hii muda mrefu. Mtoto huyu hakukonda leo. Mkinidanganya hapa, mimi nitatibu kitu kingine na yeye atatutoka. Nauliza tena. Amekula nini, na hapo kabla alikuwa anakula kiasi gani?"

Kijiko alilalamika kidogo, macho yamefumba nusu. Waziri alilisikia neno lile limemfika tena kooni, na mara hii hakulimeza.

"Hashibi," akasema, na kilio kikamtoka. "Hashibi, Mama! Mimi ndiye niliyemfundisha kusema ameshiba. Hata mimi sishibi. Sijaonja kitu chochote jikoni. Nilikuwa nasema tu."

Bibi akajishika kifua.

"Bakuli," akasema. "Yale maharage ya juzi. Nilimwekea chini ya kitanda changu, akayakataa. Nikasema nimeyala mimi, na sikuyala. Ni mimi. Nimemuua mjukuu wangu."

"Hajafa mtu hapa," muuguzi alimkata. "Kaa kitini."

Mama alikuwa bado amesimama. "Kazini hawatupikii," akasema kwa sauti ndogo. "Hata siku moja hawajatupikia." Akakaa sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu.

Muuguzi hakuwapa hotuba. Alichanganya dawa ya unga, ya sukari na chumvi, katika maji safi yaliyochemshwa, akampa Waziri kikombe na kijiko. "Kijiko kimoja, subiri, kijiko kingine. Akitapika, subiri kidogo, uanze tena. Usichoke." Waziri hakuchoka. Mkono ulikufa ganzi, akabadilisha mwingine. Kijiko alimeza, akatapika, akameza tena. Baada ya muda mrefu alifumbua macho, akatazama kinachoingia mdomoni mwake, akauliza kwa shida, "Kuna kingine?"

Mama aligeukia ukutani.

"Atapona," muuguzi alisema. "Na nyumbani, chakula kilicholala kisipochemshwa vizuri ni sumu. Kama mkaa hautoshi, pikeni kidogo mkimalize. Lakini njaa hiyo mliyoificha nayo muiseme kwa watu. Mimi sina dawa yake hapa."

Asubuhi Mama alikwenda ghalani na kusimama mbele ya msimamizi. "Ulipouliza nani ana njaa, nilijibu kwamba kwangu wanashiba," akasema. "Sikujua. Kwangu wana njaa, nami nina njaa." Msimamizi alijikuna kichwa. Chenga nzuri zilikuwa zimekwisha gawiwa, na fedha alizoruhusiwa kutoa zilibaki kidogo sana. Alimpa hizo kidogo, na mfuko wa chenga za kufagia, zilizochanganyika na mchanga. Mama alizipokea kwa mikono miwili.

Waziri alizipeta na kuzichagua hadi shingo ikauma. Jioni hiyo hapakuwa na sahani nne. Mama aliweka sinia moja katikati ya mkeka, wote wakalizunguka, na Kijiko akaegemezwa kwenye paja la Bibi na uji wake laini.

"Nataka mnisikilize," Mama alisema. "Tulidanganyana kwa sababu tunapendana. Najua. Hata mimi nilianza kwa upendo. Lakini ulikuwa uongo, na ulikaribia kumchukua huyu mtoto. Nikijua mna njaa, naweza kuomba, naweza kubisha hodi kwa watu, naweza hata kugombana na msimamizi. Nikidhani mmeshiba, nanyamaza. Kuanzia leo neno lile halisemwi humu ndani mpaka liwe kweli. Asiyeshiba aseme bado."

"Bado," Bibi alisema papo hapo. "Na meno yangu matatu nayo yanasema bado."

Walicheka, ingawa si sana. Siku zilizofuata zilikuwa ngumu, nisikufiche. Sinia liliisha haraka, na kila jioni, Mama akiuliza, walijibu mmoja baada ya mwingine: bado, bado, bado. Yalikuwa majibu ya kuumiza. Lakini kwa kuwa Mama aliyasikia, alipata ujasiri wa kumwomba muuza mkaa amkopeshe, akakubaliwa kwa uso uleule usiocheka, na yule mwenzake wa watoto watano akamgawia nusu ya chenga zake.

Mshahara ulitoka hatimaye. Jioni hiyo Waziri alijaza sufuria hadi mfuniko ukakataa kukaa. Wali na maharage mapya vilifunika sinia lote. Walikula bila kuzungumza. Kijiko, mikono bado myembamba, alikula na kijiko chake cha bati, akapumzika, akaendelea.

"Umeshiba?" Mama aliuliza.

"Bado."

Mama akamsogezea wali wa upande wake. Kijiko akala tena. Kisha akasimamisha kijiko hewani, akalipapasa tumbo lake kwa makini, akakiweka kijiko chini.

"Nimeshiba," akasema.

Mama alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Kijiko alimgeukia Waziri kwa hofu.

"Dada, mbona analia? Nimeshiba kweli!"

"Mwache," Bibi alisema, akimvuta kifuani pake. "Analia kwa sababu amekuamini."